Kwa mwoga huenda kicheko

Wadau, mwenzenu nimechekwa. Nimechekwa wiki mbili sasa, kwenye simu, mezani, na juzi nimechekwa hadi ndani ya treni mbele ya watu nisiowajua. Kosa langu ni moja tu. Nilisimama chini ya mteremko wa theluji nikasema: mimi sipandi. Tukarudi wote watano. Kesho yake watu wengine wanne wakapanda mteremko ule ule, wakafika kileleni, wakapiga picha, wakateremka salama, wakaenda kunywa kahawa. Theluji haikutikisika hata kidogo.

Swali ninaloulizwa ni hili: si unaona sasa kwamba ulikosea? Jibu langu ni hapana. Sikukosea. Leo naomba nieleze kwa nini, maana naona jambo lenyewe ni kubwa kuliko mimi na wanaonicheka.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mwandishi wenu yuko Uswisi kwa masomo, na huu ni msimu wangu wa tatu wa baridi. Kabla ya hapo theluji niliyoijua ni ya Kilimanjaro, tena ya kwenye kitabu cha jiografia. Huku marafiki wamenifundisha kupanda milima kwa skii. Wengi wakisikia skii wanafikiria ile ya kwenye televisheni: unapandishwa kwa kiti kinachoning'inia kwenye waya, unateremka kwenye njia iliyosawazishwa na mashine, na alfajiri kabla hujaamka wafanyakazi wa mlima wamekwishalipua baruti kuiangusha theluji yenye hatari. Yetu ni tofauti. Unabandika mkanda wenye manyoya chini ya skii ili zisirudi nyuma, unapanda kwa nguvu zako saa tatu au nne, unabandua mkanda, kisha unateremka kwenye theluji ambayo hakuna aliyeigusa. Hakuna mashine, hakuna mlinzi, hakuna bango la onyo. Kuamua kama mteremko ni salama ni kazi yenu wenyewe.

Ndiyo maana kila mmoja anabeba vitu vitatu: kifaa kidogo cha mawimbi ya redio kinachovaliwa kifuani, ambacho kinatuma ishara ili ukifukiwa wenzako wakutafute, fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji ili wajue uko kina gani, na beleshi la kukuchimbua. Vitu hivyo havizuii chochote. Ni vya kutumia mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Utafiti wa Uswisi uliotoka mwaka 2024 unaonyesha kwamba waliofukiwa kabisa wakatolewa ndani ya dakika 10, karibu 9 kati ya 10 hupona. Ikifika dakika ya 30, wanaopona ni kama 3 kati ya 10. Theluji iliyoporomoka hukaza kama zege, na mita moja tu ya ujazo inaweza kufika kilo 400. Sasa piga hesabu mwenyewe: kutafuta, kuchoma fimbo, kuchimba, na mikono inatetemeka.

Haya, turudi kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, katika bonde moja karibu na Davos. Mji huo ndio wenye taasisi ya utafiti wa theluji ya Uswisi. Watafiti walianza kazi juu ya mlima wa Weissfluhjoch mwaka 1936. Wakati wa baridi taasisi hiyo hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko kila siku saa 11 jioni, kisha inaihuisha saa 2 asubuhi. Tuliisoma Ijumaa jioni tukiwa kwenye treni. Ilisema daraja la 3. Hatari iko kwenye miteremko inayotazama kaskazini, juu ya mita 2,200. Sababu: tabaka dhaifu la theluji ya zamani.

Hapo pana mtego wa kwanza. Ulaya yote inatumia madaraja 5, tangu mwaka 1993. La 1 ni hatari ndogo, la 5 ni kubwa sana, ambalo hutokea kwa nadra. La 3 liko katikati, kwa hiyo mtu akili yake inalisoma kama alama ya C kwenye mtihani: si nzuri, lakini umefaulu. Sivyo. Hatari haipandi kwa hatua zilizo sawa kama ngazi za nyumba. Mwongoza wapanda milima mmoja wa Uswisi, Werner Munter, aliyebadilisha kabisa namna watu wanavyofikiri juu ya mambo haya miaka ya 1990, aliihesabu kama inaongezeka maradufu kutoka daraja moja hadi jingine. Na hapa Uswisi karibu nusu ya wanaokufa katika maporomoko hufa siku za daraja la 3. Siku za daraja la 4 watu wanaogopa wanakaa nyumbani. Siku za daraja la 3 jua linawaka, theluji ni nzuri, na watu wanatoka.

Tulikuwa watano. Mswisi mmoja aliyeanza skii akiwa na umri wa miaka mitatu. Dada mmoja wa hapa hapa aliyesomea kozi ya maporomoko. Mwanafunzi mwenzangu Mjerumani. Kaka yangu mmoja wa Mombasa aliyeishi huku miaka 14. Na mimi, mdogo kuliko wote kwa umri na kwa theluji.

Baada ya saa mbili, tukikatiza kwenye uwanda, nilisikia sauti chini ya miguu. Siyo mlio wa kuvunjika. Ni kama mtu mzima ameketi ghafla kwenye godoro kuukuu: wuumf. Theluji ikashuka kidogo. Moyo wangu ukashuka nayo. Yule dada akageuka akanitazama, nami nikamtazama, na hakuna aliyesema kitu. Tukaendelea.

Nieleze kidogo ile sauti ni nini, maana hapo ndipo kisa chote kilipo. Theluji ya mlimani hailali kama unga ndani ya gunia. Inalala tabaka juu ya tabaka msimu mzima, na kila tabaka lina tabia yake. Mwanzoni mwa baridi, theluji ikiwa nyembamba na mbingu ziko wazi, chini kuna joto kidogo na juu kuna baridi kali. Mvuke unapanda kati ya chembe, na chembe zinageuka kuwa punje kubwa kubwa zisizoshikana. Ukizikamata mkononi zinamwagika kama sukari. Kisha inakuja dhoruba, upepo unasomba theluji mpya na kuipanga juu ya ile sukari, nayo inakazana kuwa bamba moja. Sasa una bamba zito limelala juu ya sukari. Kwenye uwanda bamba halina pa kwenda, kwa hiyo ukilikanyaga sukari inasagika, hewa inatoka, unasikia ile sauti. Kwenye mteremko wa nyuzi 30 na zaidi, bamba lina pa kwenda. Ufa unakimbia kwa sekunde chache mita makumi, pengine mamia, na kipande chote kinaondoka nawe ukiwa juu yake.

Kwa hiyo ile sauti ni mlima unaokwambia kwa lugha nyepesi kabisa: vitu vyote viko tayari, unakosekana mteremko tu. Na mteremko ulikuwa mbele yetu. Ulitazama kaskazini, mita 2,400, na ramani ya simu iliupaka rangi ya machungwa, maana yake kati ya nyuzi 35 na 40.

Tulipofika chini yake tukaamua kuchimba shimo. Kuna kipimo kimoja kinachotumika sana, kilichobuniwa miaka ya 2000. Unakata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 30 kwenda nyuma, unaweka beleshi upande mmoja juu yake, unaligonga kwa kiganja. Mara 10 kwa kukunja kifundo cha mkono, mara 10 kutoka kwenye kiwiko, mara 10 kutoka begani. Unachotafuta ni kama ufa utazaliwa chini ya beleshi na kukimbia hadi upande wa pili. Yule dada akagonga. Pigo la 13, ufa ukakimbia nguzo nzima, na bamba likateleza likaangukia magotini kwake, safi kama droo ya kabati.

Mswisi wetu akasema tujaribu pengine. Tukasogea mita 20 hivi, tukachimba la pili. Mapigo yote 30, hakuna kilichovunjika.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Shimo moja limekataa, shimo moja limekubali. Mswisi akasema basi wastani ni sawa, tupande mmoja mmoja, tuachiane nafasi. Akaonyesha kwa fimbo: tazameni, kuna nyayo mbili za skii, watu wamekwishapanda leo. Mjerumani akasema yeye yuko na wengi. Dada akawa anakunja fimbo zake, kimya. Nikamsogelea kaka yangu, nikamwambia kwa Kiswahili:

"Kaka, mimi roho yangu imekataa."

"Dogo," akasema, "wewe umetoka Dar juzi. Unataka kumfundisha Mswisi theluji?"

Nilinyamaza. Naomba nikiri hapa, nilinyamaza kama dakika tano, nikijifanya nakaza viatu. Nilikuwa naogopa maporomoko, lakini niliogopa zaidi kuonekana Mwafrika anayeogopa baridi. Kisha nikafikiria mama yangu akipigiwa simu na mtu asiyejua Kiswahili. Nikasimama nikasema kwa Kijerumani changu kibovu: mimi sipandi, nitawasubiri hapa. Dada akainua kichwa mara moja. Akasema: mimi pia. Wakawa wamebaki watatu, na watatu hawakutaka kutuacha. Tukarudi wote, kimya kimya, wamenuna.

Jumapili jioni kaka akanitumia picha aliyoipata kwa watu wengine. Mteremko ule ule, mistari minne mizuri ya skii, jua. Chini ameandika: "Mlima wako wa mauti huu hapa." Vicheko vikaanza siku hiyo.

Sasa hoja zangu.

Ya kwanza: mashimo mawili hayana uzito sawa. Wenzangu waliyachukulia kama mashahidi wawili mahakamani wanaopingana, ukatafuta katikati. Hilo ni kosa la hesabu. Theluji haifanani kutoka mahali hadi mahali. Upepo umesomba hapa, mwamba umejificha pale, hapa bamba ni nene, pale ni jembamba. Shimo linakwambia habari za sentimita 90 ulizochimba, basi. Shimo likikubali, limekubali pale lilipo. Likikataa, limekuthibitishia kwamba ile sukari ipo mlimani na inaweza kukimbiza ufa, na wewe hujui nyingine iko wapi kwenye mteremko mzima. Huwezi kulifuta jibu baya kwa jibu zuri, kama vile daktari akiona vimelea vya malaria kwenye tone moja la damu hawezi kukuambia umepona kwa sababu tone la pili halikuwa navyo. Kipimo ni cha kutafuta ubaya. Anayekitumia kutafuta ruhusa anajidanganya. Na ile sauti ya uwandani ilikuwa imekwishatujibu kabla hatujashika beleshi.

Munter aliliona hilo mapema akasema tusiweke maisha yetu ndani ya mashimo. Akaja na kanuni nyepesi ambayo hata mgeni kama mimi naishika kichwani: siku ya daraja la 2 kaa chini ya nyuzi 40, daraja la 3 chini ya nyuzi 35, daraja la 4 chini ya nyuzi 30. Nyuzi za mteremko hazibadiliki kwa upepo wala hazibishani. Zinapimika nyumbani kwenye ramani, ukiwa na chai mkononi, kabla hujachoka na kabla hujauona uzuri wa kilele. Kwa kanuni hiyo mteremko wetu ulikuwa umekatazwa tangu Ijumaa saa 11 jioni. Tulikwenda kubishana na jambo lililokwisha.

Ya pili: mlima hausahihishi mtihani. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Ukijifunza kupika, ukizidisha chumvi utajua leo leo. Theluji haifundishi hivyo. Hata siku mbaya, miteremko mingi haiporomoki. Unaweza kufanya uamuzi mbovu mara 50, ukafika kileleni mara 50, kila mara ukarudi na picha na kusadiki kwamba sasa wewe ni mzoefu. Kumbe ulichozoea ni bahati. Wale wanne wa Jumapili hawakuthibitisha kwamba mteremko ulikuwa salama. Walithibitisha kwamba haukuporomoka Jumapili kwenye mistari minne waliyopita. Pengine walipita mita tatu kutoka pale ufa ungeanzia, hakuna atakayejua kamwe, wala wao. Na nyayo mbili tulizoziona sisi zilikuwa ushahidi wa aina hiyo hiyo. Huku milimani wanapenda kusema kwamba poromoko halijui kama wewe ni bingwa.

Ya tatu, na hapa nazungumza kama mwandishi wa habari: tunawaandika vibaya waliokufa. Wahariri wetu, wa huku na wa nyumbani, wana namna mbili za kuandika habari hizi. Ya kwanza ni ajali haina kinga. Ya pili ni wazembe wametafuta kifo. Zote mbili ni za uvivu.

Ajali haina kinga unaweza kuisema kwa watu wa Galtür, kijiji cha Austria, ambako Februari 1999 theluji iliwafuata watu majumbani, na pamoja na kitongoji cha jirani wakafa 38. Huwezi kuisema kwa wapanda skii. Katika ajali zinazowaua watu wa mchezo wetu, karibu 9 kati ya 10 poromoko linaanzishwa na aliyefukiwa mwenyewe au mtu wa kundi lake. Kinga ipo. Inaitwa kutopanda.

Na uzembe? Chukua Tunnel Creek, jimbo la Washington, Marekani, tarehe 19 Februari 2012. Kundi la watu 16 lilitoka nje ya eneo la skii la Stevens Pass. Hawakuwa wageni wa theluji. Walikuwamo wataalamu wa skii na wenyeji waliokijua kila kichaka pale, na walikuwamo waandishi wenzangu wa magazeti ya michezo. Taarifa ya siku ile ilikuwa imeonya. Watatu walikufa. Gazeti la New York Times lilitoa makala ndefu juu yake Desemba ile, na mwandishi wake, John Branch, akapata tuzo ya Pulitzer mwaka 2013. Wengi wanaikumbuka kwa picha zinazotembea kwenye skrini. Mimi nakumbuka kitu kimoja: baadhi ya walionusurika walieleza kwamba walikuwa na wasiwasi tangu juu, na hawakusema. Kila mmoja aliwatazama wengine, akaona ni watu wanaojua, akafikiri kwamba kama kungekuwa na shida wao wangesema. Nao walikuwa wanamtazama yeye.

Hiyo siyo habari ya uzembe. Ni habari ya adabu. Mtafiti Mmarekani Ian McCammon alipitia ajali 715 za Marekani za kati ya mwaka 1972 na 2003, akakuta kwamba watu wengi walikuwa na dalili za hatari mbele ya macho yao. Kilichowapitisha ni mambo ya kibinadamu tunayoyajua sote: mahali wamepazoea, wamekwisha kuamua na wanaona aibu kugeuza, wanataka kukubalika, kuna bingwa kati yao, wengine wamekwishapita, theluji nzuri ni chache na itamalizwa na wengine. Rudia kusoma orodha hiyo kisha rudi kwenye shimo letu. Tulikuwa nayo yote, pamoja na bingwa wetu aliyeanza akiwa na miaka mitatu na nyayo mbili.

Ndiyo maana nasema elimu ya theluji peke yake haitoshi. Yule dada alikuwa na cheti. Alijua zaidi yangu mara kumi, na ndiye aliyeliona bamba likiangukia magoti yake. Baadaye kwenye basi aliniambia alikuwa anangoja mtu mmoja tu aseme. Mmoja tu. Fikiria kundi la watu watano ambamo wawili wanajua jibu, na jibu halitoki kwa sababu kila mmoja anangoja mwingine alitamke. Siku hizi kuna makundi yanayokubaliana asubuhi, kabla ya kuanza kupanda, kwamba mtu mmoja akikataa wote wanarudi, na haulizwi sababu pale pale, anaulizwa jioni. Mimi naona kanuni hiyo ni kinga kuliko kifaa cha mawimbi na mfuko wa hewa kwa pamoja. Haigharimu hata senti. Lakini watu wanaona haya kuiomba, maana kuiomba ni kukiri kwamba unaweza kuogopa.

Najua mtaniambia: basi kama unaogopa hivyo, si ukae Zürich usome? Swali zuri. Kwanza, kurudi siyo kuacha. Siku ile ile kulikuwa na mteremko mwingine wa nyuzi 27, unaotazama kusini, theluji nzuri tu. Tungeweza kuugeukia tukafurahi hadi jioni, lakini walionuna hawakutaka. Kanada, baada ya wanafunzi 7 wa shule moja kufa katika bonde la Connaught Creek tarehe 1 Februari 2003, walikaa chini, wakayapanga maeneo ya milima kwa madaraja matatu ya ugumu ili watu wachague mahali pa kwenda kulingana na siku. Hawakufunga milima. Walijifunza kuchagua. Pili, siyo kwamba mimi sina tamaa ya kilele. Ninayo. Ndiyo maana siiamini akili yangu nikiwa nimesimama chini yake.

Nami nakubali jambo moja linaloniumiza kulisema: sitajua kamwe kama niliwaokoa watu wanne na mimi wa tano, au kama niliwaharibia Jumamosi bure. Anayerudi hapewi ushahidi. Anayepanda akapona anapewa picha. Mchezo mzima umepangwa hivyo, mwenye busara aende nyumbani mikono mitupu na mwenye bahati aende nyumbani na hadithi. Tukiwapima watu kwa matokeo ya siku moja, tutawapigia makofi wenye bahati mpaka bahati iwaishie, halafu tutaandika kwamba walikuwa wazembe.

Wahenga wetu hawakuwahi kupanda skii, lakini walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku zote niliisikia methali hiyo kama ya kuwatania waoga. Sasa naisikia vingine.

Juzi ndani ya treni, baada ya kunicheka mbele ya watu, kaka yangu alikaa kimya kituo kizima. Kisha akauliza, macho yako dirishani: "Dogo, Jumamosi hii taarifa inasemaje?" Nikamwambia daraja la 2, lakini ile sukari bado ipo upande wa kaskazini. Akaguna. Akasema, "Basi tafuta kitu cha upande wa kusini. Na mtu akisema hapana, turudi."

Nimekwishakitafuta. Ni nyuzi 28.